Dawati la Simu: "Nani mwenzangu?"

Safari hii barua nyingi zilizofika mezani, kutoka Tanga Mjini, Muheza na Bagamoyo, zinalalamikia jambo moja: simu za watu wanaouza kitu. Tumezichagua chache zinazowakilisha nyingine. Kabla ya majibu, msomaji ajue kwamba simu hizi ni za makundi matatu na kila kundi lina mlango wake. Kuna muuzaji wa kweli wa kampuni ya kweli. Kuna sauti ya mashine inayokuvuta ujiunge na huduma ya kulipia. Halafu kuna tapeli aliyevaa koti la muuzaji. Wa kwanza anaondoka kwa maneno, wa pili kwa kupiga 100, namba ya huduma kwa wateja ya mtandao wako, wa tatu kwa kuripotiwa 15040, namba ya kuripoti utapeli. Watu wengi wanachoka kwa sababu wanabisha mlango usio wake.

Naona haya kuwakatia

*Naishi Makorora. Mara nyingi nikiwa nimeinjika chungu, au ndiyo kwanza nimemaliza kuswali adhuhuri, vijana wa bima na mikopo wananipigia. Wananiamkia vizuri, "Shikamoo mama", nami naona haya kuwakatia simu. Nikisema sina muda, kesho wanapiga tena. Niwajibu nini?* (Mama wa nyumbani, Makorora)

Haya yako ndiyo mtaji wao, mama. Mtu wa Tanga hakatii mwenzake salamu, na anayefundisha vijana kuuza kwa simu analijua hilo vizuri: ndiyo maana shikamoo inatangulia, kisha habari za nyumbani, kisha za watoto, na bidhaa inakuja ukiwa umeshajibu "nzuri" mara tatu. Salamu ijibu, ni haki yake. Lakini baada ya hapo wewe ndiye uulize.

"Marahaba. Nani mwenzangu, na unapiga kutoka kampuni gani?"

Jina lako usilitaje. Akiuliza "Naongea na mama Fulani?", usikubali wala usikatae, rudia swali lako. Muuzaji wa kweli atataja jina na kampuni bila shida. Anayezungukazunguka, "mimi ni mtu wa huduma tu mama", huyo mwekee alama ya kuuliza, usiendelee naye. Akishajitambulisha, sema maneno haya, kwa upole, bila kuongeza:

"Sihitaji. Naomba namba hii iondolewe kwenye orodha yenu ya kupigia wateja. Ahsante, kwaheri."

Kisha kata. Usisubiri akuage. Hujamvunjia heshima, umemjibu alichotaka kujua.

Kwa nini maneno hayo na si mengine? Kijana yule yuko mbele ya kompyuta, na kila simu ikiisha lazima achague jibu moja kwenye kioo: hakupokea, apigiwe tena, amekubali, amekataa, asipigiwe. Ukisema "sina muda sasa", "niko jikoni" au "mpaka nimuulize baba watoto", anabonyeza "apigiwe tena", na mashine inakupangia saa nyingine. Hakukosea, wewe mwenyewe umemwambia hivyo. Tena la baba watoto lina hasara ya ziada, maana ataomba na namba ya mzee. Ukisema "sitaki" peke yake umekataa bidhaa hiyo, lakini mwezi ujao ikija bidhaa nyingine jina lako bado limo. Linalofunga ni ombi la kuondolewa.

Sababu pia usitoe. Ukisema huna hela, jibu lake liko tayari kwenye karatasi: unaweza kulipa kidogo kidogo. Ukisema una bima nyingine, atakuuliza ipi na inakulipa nini. Kila sababu ina ukurasa wake. "Sihitaji" haina ukurasa.

Kuhusu kutopokea kabisa: kwa kampuni zenye mashine ya kupiga, simu isiyopokelewa hurudishwa kwenye foleni ijaribiwe saa nyingine. Kwa hiyo namba ngeni ikikupigia mara moja, iache. Ikirudi mara ya tatu, ipokee mara hiyo moja na useme maneno yako. Na ukipokea ukakuta kimya cha sekunde mbili tatu kabla ya mtu kusema, ujue mashine ilipiga namba nyingi kwa pamoja na inatafuta kijana aliye huru. Kata hapo hapo, salamu haijaanza.

Kutukana hakusaidii. Kunapandisha presha yako tu, na kijana anahamia namba inayofuata. Kinachosaidia ni kuandika: tarehe, saa, namba iliyopiga, kampuni, jina alilotaja. Kampuni ile ile ikirudi baada ya ombi lako, omba kuongea na msimamizi wake na umsomee tarehe ya simu ya kwanza. Mwenye tarehe hubishaniwa kidogo.

Nazuia, wanabadilisha namba

*Nimeshazuia namba nyingi mpaka nimechoka. Leo inaanza na 07, kesho 06. Je, hakuna namna ya kuzuia namba zote nisizozijua? Natumia simu janja, mama yangu anatumia kitochi.* (Kijana wa Chumbageni)

Namna ipo, ila kuna mtego ambao wengi wanauingia. Kwenye Android nyingi, ukifungua programu ya Simu, ukagusa nukta tatu, ukaenda Mipangilio na kwenye sehemu ya nambari zilizozuiwa, utakuta kitufe cha kuzuia wasiojulikana. Watu wanakiwasha, wanashangaa simu za mauzo zinaendelea. Kitufe hicho kinazuia waliojificha tu, yaani simu inayofika bila namba. Namba inayoonekana, hata kama hujawahi kuiona maishani, kwa simu yako "inajulikana".

Unachokitafuta kiko kwenye Usinisumbue. Nenda Mipangilio, Sauti, Usinisumbue, kisha sehemu ya watu na simu, chagua waliohifadhiwa tu. Weka ratiba, tuseme saa 6 mchana hadi saa 8, na saa 3 usiku hadi alfajiri. Simu za wengine zitaingia bila mlio na utazikuta kwenye orodha ya zilizokosekana. Pembeni yake kuna kitufe cha kuruhusu anayerudia kupiga. Kwenye Android anayepiga mara ya pili ndani ya dakika 15 atasikika. Kiache kimewashwa: mtu anayekupigia kutoka hospitali ya Bombo kwa simu ya muuguzi kwamba ndugu yako amelazwa atapiga tena mara moja, muuzaji kwa kawaida hapigi mara mbili mfululizo. Kwenye iPhone kuna kitufe cha kunyamazisha wapigaji wasiojulikana, kipo tangu iOS 13, na chenyewe kinafanya kazi saa zote. Ukiwa unasubiri fundi, bodaboda au mzigo wa kutoka stendi ya Kange, kizime kwanza.

Sasa hili lisikie vizuri: usihifadhi namba za wasumbufu kwa majina kama "Usipokee" au "Bima 3". Wengi wanafanya hivyo ili wawatambue. Matokeo yake Usinisumbue inawahesabu kuwa watu wako na kuwapitisha. Zaidi ya hapo, kama WhatsApp yako umeiwekea picha na status zionwe na waliohifadhiwa tu, umemfungulia muuzaji aone picha za harusi ya dada yako. Namba mbaya huzuiwa, haihifadhiwi. Kwenye WhatsApp yenyewe ingia Mipangilio, Faragha, Simu, uwashe kunyamazisha wapigaji usiowajua, na hapo hapo kwenye Vikundi uchague ni nani anaweza kukuingiza kwenye kundi.

Kuzuia namba kunakaa kwenye simu, hakukai kwenye laini. Ukihamishia laini kwenye simu nyingine, wasumbufu wote wanafufuka.

Kitochi cha mama: angalia menyu ya mipangilio ya simu, nyingi zina orodha ya namba zilizokataliwa, mara nyingi imeandikwa "Blacklist". Baadhi ya vitochi havielewi kwamba 0 na +255 ni namba moja, kwa hiyo iandike mara mbili, kwa mwanzo wa 0 na kwa mwanzo wa +255. Orodha hiyo ina nafasi chache. Ikijaa, futa za zamani kwanza. Kama kitochi chake hakina kabisa, mpangie mlio mmoja wa watu wa nyumbani na mlio mwingine wa wengine wote, kama simu inaruhusu. Mama atajua kwa sikio.

Na usijaribu kukisia mtandao kwa tarakimu za mwanzo. Tangu mwaka 2017 mtu anaweza kuhama mtandao bila kubadilisha namba, kwa hiyo 075 au 068 haikuambii tena kwa uhakika laini iko mtandao gani.

Salio linayeyuka baada ya simu ya sauti ya mashine

*Napigiwa na sauti iliyorekodiwa, inaniimbia wimbo, inasema nibonyeze nyota. Sikubonyeza, lakini kila nikiweka vocha asubuhi, sehemu inakatwa.* (Mvuvi, Deep Sea)

Huyo si mtu, kaka, kwa hiyo maneno yetu ya kwanza hayamhusu. Hiyo ni simu ya kunadi huduma za kulipia: miito ya simu, vichekesho, utabiri wa mechi, dondoo za afya. Kubonyeza nyota ni kukubali, na ukikubali unakatwa kila siku au kila wiki hadi ujitoe. Na "sikubonyeza" yako inawezekana kabisa iwe kweli kwa nia, si kwa kidole. Simu ikiwa sikioni na kioo hakijazima, shavu linabonyeza. Ikiwa mfukoni imepokelewa bila wewe kujua, paja linabonyeza. Zipo pia zile jumbe zinazoruka kwenye kioo zenyewe, zina "OK" na "Cancel". Ukigusa OK mara mbili kwa haraka ili uiondoe, umeshajiunga.

Piga 100, ongea na mhudumu, sema hivi: "Naomba unisomee huduma zote za kulipia zilizounganishwa na namba hii, uzitoe zote, na unizuilie simu na jumbe za matangazo." Ni maombi matatu, usiache hata moja. Wengi huomba kutolewa huduma moja waliyoiona, nyingine mbili zinabaki zinakula. Mwulize ulianza kukatwa lini, na uombe urejeshewe kama hukujiunga. Andika namba ya lalamiko atakayokupa. Asipokupa, iombe. Siku mbili zinazofuata, angalia salio kabla ya kulala na ulipoamka, bando likiwa limezimwa, ili uone kama bado linapungua.

Jumbe za kuruka kwenye kioo: tafuta kwenye simu programu ya laini, mara nyingi imeandikwa "SIM Toolkit" au jina la mtandao. Ndani yake laini nyingi zina sehemu ya kuzima jumbe za matangazo. Usipoiona, mhudumu wa 100 akuelekeze.

Jumbe za maandishi zinazotoka kwa jina badala ya namba huwezi kuzijibu, lakini unaweza kuzizuia: shikilia ujumbe, chagua kuzuia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayetuma tangazo ambalo hukuliomba ajitambulishe mwanzoni na akupe njia ya kulikataa. Tangazo lisilo na njia ya kujitoa ni la kulalamikia kwa mtandao wako, na usiporidhika, kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. TCRA watakuuliza kwanza ulilalamika lini kwa mtandao na ukajibiwa nini, na hapo ndipo ile namba ya lalamiko inapolipa.

Namba yangu waliipata wapi?

*Kinachonikera si simu, ni kwamba wananiita kwa majina yangu yote matatu. Nani aliwapa?* (Mwalimu mstaafu, Muheza)

Mara nyingi tunawapa wenyewe, mwalimu. Simama dakika tano kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu pale Ngamiani utazame lile daftari kubwa la mistari lililofunguliwa kaunta: jina, namba ya simu, kiasi, sahihi, mteja juu ya mteja. Kila anayekuja kutoa pesa anasoma waliomtangulia, na mwenye simu ya kamera hahitaji hata kusoma. Daftari la mlinzi getini ni hivyo hivyo. Fomu za bahati nasibu za madukani, fomu za semina za bure, makundi ya WhatsApp ya watu mia mbili ambamo kila mmoja anaona namba ya mwenzake, mfanyakazi aliyehama kampuni na orodha ya wateja wa zamani: hizo ndizo njia. Nyingine ni namba yenyewe kuwa ilikuwa ya mtu mwingine. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba yake huuzwa tena, nawe unarithi madeni na matangazo ya aliyekutangulia. Hiyo utaijua kwa sababu wanakuita jina lisilo lako.

Kwa wakala, andika kinachohitajika kwenye muamala na uombe ukurasa ufunikwe. Getini, muulize mlinzi namba ya simu ni ya nini. Mara nyingi hajui, na jina linatosha.

Lakini wewe una haki zaidi ya kujihadhari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mwananchi haki ya kumtaka aliye na taarifa zake aache kuzitumia kwa matangazo ya biashara, na haki ya kujua ana taarifa zipi. Msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Haki hii haijulikani na wengi, na kampuni zinafaidika na kutojulikana huko. Andika barua fupi, ipeleke kwa barua pepe au ofisini kwao, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa:

"Mimi ni mtumiaji wa namba 07…… Tarehe …… saa …… nilipigiwa simu kutoka namba …… kunadi ……, bila ridhaa yangu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nataka: msitishe kutumia taarifa zangu kwa matangazo ya biashara, mnieleze namba yangu mliipata wapi na mnazo taarifa gani nyingine zangu, na mfute zile ambazo hamna sababu ya kisheria ya kukaa nazo. Nijibuni kwa maandishi."

Swali la "mliipata wapi" ndilo lenye meno. Kampuni iliyonunua orodha uchochoroni haina jibu la kuandika na kutia sahihi. Wakinyamaza, nakala ya barua pamoja na tarehe zako za simu ndiyo malalamiko yako kwa Tume. Makosa yanayoangusha barua nyingi ni mawili: kutotaja namba iliyopiga, na kulaumu "kampuni fulani ya bima" bila jina. Ndiyo sababu tulimwambia mama wa Makorora aulize kampuni kwanza.

Ukiwa kwenye hilo, piga pia *106# na ufuate menyu uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho ikafutwe.

"Natoka huduma kwa wateja, bonyeza nyota nyota 21"

*Mtu alinipigia akasema laini yangu inasajiliwa upya, nibonyeze nyota nyota 21 nyota, kisha namba aliyonitajia, kisha #. Nilifanya. Sasa watu wanasema wakinipigia anapokea mwanaume mwingine.* (Msusi, Bagamoyo)

Dada, acha kusoma kidogo, piga sasa hivi ##002# na ubonyeze kitufe cha kupiga. Kisha piga *#21# uhakikishe jibu linasema simu hazielekezwi popote. Kisha rudi.

Alichokufanyisha ni kuelekeza simu zako zote kwenye namba yake. Nyota nyota 21 nyota ni amri ya kawaida ya mitandao, nzuri kwa mtu anayesafiri, lakini mikononi mwa tapeli maana yake ni kwamba namba za uthibitisho zinazosomwa kwa sauti anazisikia yeye. Hivyo ndivyo watu wanavyonyang'anywa WhatsApp, kisha ndugu zao wanaombwa pesa kwa jina lao. Badilisha namba ya siri ya pesa za simu leo, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp, na uwaambie jamaa zako wasitume kitu.

Mitandao na TCRA wamekuwa wakitangaza, pamoja na kampeni ya Sitapeliki ya kupambana na utapeli wa simu, kwamba mtandao wako ukikupigia utaona 100. Anayesema "huduma kwa wateja" kwa namba ya kawaida ya tarakimu kumi ni tapeli, hata akijua jina lako lote. Usajili wa alama za vidole hauwezekani kufanywa kwa maongezi, kidole chako hakipiti kwenye waya. Na hata ikionekana 100, namba ya siri haitajwi.

Akikutumia ujumbe wowote, usiufute: uelekeze kwenda 15040, utajibiwa uandike namba iliyoutuma, iandike. Kama pesa imeshatoka, piga 100 dakika hiyo hiyo ukiwa na namba ya muamala, uombe izuiwe kabla haijatolewa kwa wakala, maana ikishatolewa taslimu mtandao hauna cha kurudisha. Baada ya hapo nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Anayeanza na polisi halafu 100 huwa amechelewa.

15040 ni kwa utapeli. Kijana wa bima aliyejitambulisha vizuri usimpeleke huko, yule ana mlango wake.

Nadaiwa deni la jirani

*Napigiwa na watu wa mkopo wa mtandaoni, eti jirani yangu aliniandika, nimwambie alipe la sivyo wataniweka kwenye mitandao. Mimi si mdhamini.* (Fundi cherehani, soko la Mgandini)

Pengine hakukuandika. Programu nyingi za mikopo hiyo, mtu anapoziweka, huomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, naye anagusa "kubali" bila kusoma kwa sababu ana shida ya pesa. Namba yako ilichukuliwa humo.

Jibu ni moja: "Sijasaini udhamini wowote. Msinipigie tena kuhusu deni hili." Usiahidi kumfikishia ujumbe, ukiahidi umekuwa tarishi wao. Usilipe hata shilingi "ya kupunguza". Hifadhi jumbe za vitisho, piga picha kioo. Mkopeshaji wa aina hii anatakiwa awe na leseni ya daraja la pili kutoka Benki Kuu, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali. Uliza jina la kampuni na namba ya leseni. Wengi hukata simu wakifika hapo. Asiyekata, malalamiko yako yanakwenda Benki Kuu kuhusu ukopeshaji, na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuhusu namba yako kutumiwa. Jirani naye aingie kwenye mipangilio ya simu yake, aondoe ruhusa ya majina, kisha aifute programu. Majina yaliyokwisha kuchukuliwa hayarudi, lakini mapya hayatachukuliwa.

Kiwanja cha ufukweni kwa simu

*Dada mmoja ananipigia kila wiki kuhusu viwanja Bagamoyo, "karibu na bahari, lipia kidogo uwahi, vimebaki viwili". Bei inavutia. Je, nimsikilize?* (Msomaji, Tanga)

Kusikiliza si kosa, kulipia kwa simu ndilo kosa. Mwulize namba ya kiwanja, kitalu na eneo, na nakala ya ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Hivyo vinatumwa kwa dakika mbili kama vipo. Nenda navyo ofisi ya ardhi ya halmashauri, kisha ufanye upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue mmiliki ni nani na kama kuna benki inayodai juu yake. Eneo lenyewe likanyage kwa miguu, uone mawe ya mipaka, uongee na serikali ya mtaa. Kwa kiwanja cha "karibu na bahari" chukua futi kamba: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni, na mikoko ni hifadhi, haiuzwi na dalali yeyote. Malipo yaende akaunti ya benki yenye jina la mmiliki aliyeonekana kwenye upekuzi, kamwe si namba ya simu ya mtu. Na "vimebaki viwili" vya wiki iliyopita vikiwa bado viwili wiki hii, hesabu imekujibu.

Simu ya mezani ya babu

*Babu yetu Raskazone bado ana simu ya mezani ya 027. Haioneshi namba, naye anapokea kila kitu na kuongea nusu saa.* (Mjukuu)

Waulizeni TTCL kama laini yenu inaweza kuwashiwa huduma ya kuonesha namba, na mnunue simu yenye kioo. Isipowezekana, kubalianeni na babu kwamba wa nyumbani hupiga, wanaacha iite mara mbili, wanakata, wanapiga tena. Ile ya kwanza asiinyanyue. Na pale kwenye meza ya simu mbandikieni karatasi ya maandishi makubwa, bila maelezo mengine: "SIHITAJI. NIONDOE KWENYE ORODHA. KWAHERI." Namba ya kitambulisho, kitabu cha benki na kadi ya bima visikae kwenye droo ya meza hiyo hiyo, maana akiombwa avisome, mkono hautalazimika hata kunyooka.